Megawati 2,115 si ahadi ya mto: jinsi umeme wa maji unavyokadiriwa wakati hali ya hewa inabadilika

Mwishoni mwa 2023 sehemu kubwa ya Tanzania ilikuwa kwenye mgao wa umeme. Saluni zilifungwa mchana kweupe, wauza samaki wakahesabu hasara, mashine za kusaga zikanyamaza. Miezi michache baadaye, Machi 2024, ikatangazwa kwamba baadhi ya mitambo ya maji imezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Halafu Aprili mosi ya mwaka huohuo gridi ya Taifa ikapata hitilafu, nchi karibu nzima ikaingia gizani, na hapo mabwawa yamejaa. Mtu akizisikia habari hizo tatu kwa mfuatano ana haki ya kuuliza: hawa watu wanapiga hesabu gani?

Kijiweni majibu huwa mawili. Ama wataalamu hawajui hesabu, ama tunafichwa jambo. Mimi nadhani tatizo kubwa liko kwingine: tunapewa namba moja kubwa yenye neno "megawati", tunaichukulia kuwa ndiyo umeme tutakaoupata, kumbe namba hiyo inaeleza chuma. Maji yana hesabu yake, na hesabu hiyo ni ngumu zaidi, hasa sasa ambapo mvua za jana si mwongozo mzuri wa mvua za kesho.

Tuanze na mashine ya kusaga. Tuseme ya mtaani kwenu inasaga gunia moja kwa dakika kumi. Hiyo ni kasi yake, na kasi ndiyo megawati. Ukitaka kujua imesaga magunia mangapi mwaka mzima, usiiangalie mashine. Waulize wakulima walileta mahindi kiasi gani. Magunia yaliyosagwa ndiyo uniti, hizihizi tunazonunua kwa LUKU. Mashine kubwa kwenye kijiji chenye mavuno haba itakaa muda mwingi inapigwa vumbi, na hakuna fundi wa kulaumiwa.

Sasa tuilete hesabu hiyo Rufiji. Bwawa la Mwalimu Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mwaka una saa 8,760. Kama mitambo yote ingezunguka kwa nguvu zote bila kupumzika, tungepata uniti bilioni 18.5 kwa mwaka. Lakini makadirio yanayotajwa ya mradi wenyewe ni gigawati-saa 5,920, yaani uniti bilioni 5.9 hivi. Hiyo ni asilimia 32. Kwa maneno mengine, mitambo yote tisa ikinguruma pamoja inakunywa maji takriban mara tatu ya yale ambayo mto unaleta kwa wastani.

Je, basi kwa nini ikafungwa mitambo mingi hivyo? Kwa sababu watu hawatumii umeme sawasawa kutwa nzima. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku kila nyumba inawasha taa, runinga, pasi na jiko. Bwawa lina sifa ambayo jua na upepo hazina: unaweza kuyabana maji yake mchana ukayamwaga jioni. Mitambo ya ziada ni ya saa hizo, na ya miezi ambayo mto umefura. Asilimia 32 si kashfa. Kashfa ni kuitangaza 2,115 mara elfu na ile 5,920 mara moja.

Simtanki moja lina umeme kiasi gani?

Umeme wa maji unategemea vitu viwili tu vikubwa: maji ni mengi kiasi gani, na yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Chukua simtanki la lita 1,000, liangushe maji yake mita 100 kupitia mtambo mzuri. Utapata karibu robo ya uniti. Inatosha taa ya wati 10 kuwaka usiku mmoja na mchana mmoja. Ndiyo, simtanki zima, kimo cha jengo la ghorofa thelathini, kwa taa moja. Ukifikiri hivyo unaelewa kwa nini mabwawa lazima yawe makubwa kiasi cha kutisha.

Simtanki hilohilo ukilipeleka Kihansi, ambako maji yanaanguka karibu mita 850 kutoka milima ya Udzungwa, linatoa uniti mbili na ushee. Ndiyo maana Kihansi yenye kabwawa kadogo ina megawati 180, wakati Mtera yenye ziwa zima ina 80.

Kimo hicho hakitulii. Bwawa la Nyerere likijaa, maji husimama mita 184 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalisha ni kama mita 163. Tofauti ni mita 21, na katika maporomoko ya mita mia na kidogo hizo si haba. Bwawa likishuka unapata hasara mara mbili: maji ni machache, na kila simtanki linalopita linatoa umeme pungufu. Ukame haupunguzi uniti kwa mstari ulionyooka.

Mvua ni mshahara

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, hata waliosoma. Mtu anasikia kwamba mvua huenda ikapungua kwa asilimia 10, anasema basi umeme nao utapungua asilimia 10, tutavumilia. Haiko hivyo.

Mvua ikinyesha, kwanza ardhi inakunywa. Halafu misitu na mashamba yanakunywa. Halafu jua linachukua chake. Kinachobaki ndicho kinachoingia mtoni, na katika nchi yenye joto kama yetu ni sehemu ndogo tu ya mvua yote. Sasa mfikirie mfanyakazi anayelipwa 500,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba, ada, nauli na chakula vinachukua 400,000, anabaki na 100,000. Mwajiri akikata mshahara kwa asilimia 10, zinapungua 50,000. Mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa huruma. Kilichokatwa ni asilimia 10 ya mshahara, lakini akiba imekatwa nusu. Mto ni akiba ya mvua.

Na joto likiongezeka, kodi ya nyumba inapanda. Hata mvua ikibaki ileile, uvukizi unakula zaidi shambani na juu ya bwawa lenyewe. Mtera ni mfano mzuri: bwawa pana, kina kifupi, katika eneo kame la mpaka wa Dodoma na Iringa. Sehemu yake inayotumika kuzalisha umeme iko kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, yaani mita 8.5 tu za kuchezea, na jua linalamba kila siku. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ambayo kina cha Mtera kilitajwa redioni kama matokeo ya mpira.

Daftari la mto

Ili kukadiria umeme wa miaka 30 ijayo, unahitaji kwanza kujua mto umefanya nini miaka 30 au 50 iliyopita. Watu hudhani data hizi zinatoka kwenye mitambo ya ajabu. Kwa sehemu kubwa ya historia yetu zimetoka kwenye ubao uliochorwa namba, umesimikwa ukingoni, na mtu wa kijijini anayelipwa posho kidogo ili ausome asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari.

Ubao unakupa kina cha maji. Hautuambii ni maji kiasi gani yamepita. Kwa hiyo mara moja moja wataalamu huja na mashua na kifaa cha kupima kasi, wakipima mto ukiwa chini, ukiwa katikati, ukiwa juu, halafu wanatengeneza jedwali: kina hiki ni sawa na mita za ujazo hizi kwa sekunde. Tatizo ni kwamba mto unahamahama. Mchanga unajaa, ukingo unabomoka, na jedwali la zamani linaanza kusema uongo bila mtu kujua. Tatizo jingine ni baya zaidi: mafuriko makubwa huondoka na ubao. Yaani siku ile ambayo tungependa zaidi kujua maji yalikuwa kiasi gani ndiyo siku ambayo daftari liko tupu. Na miaka ya 1980 na 1990, fedha zilipokauka Afrika nzima, vituo vingi vilikufa kimyakimya.

Siku hizi setilaiti zinasaidia. Kuna rekodi za mvua zilizochanganya picha za setilaiti na vipima mvua vya ardhini, kama ile iitwayo CHIRPS, zinazorudi nyuma hadi 1981 na kugawa bara zima katika miraba ya kama kilomita tano. Setilaiti nyingine zinapima kimo cha maziwa kutoka angani. Ni msaada mkubwa. Lakini setilaiti inaona wingu, inakadiria mvua. Pasipo kipima mvua cha chini cha kuisahihisha, inakosea hasa milimani, na milimani ndiko mito yetu inakozaliwa.

Hata ukiwa na daftari zuri, kuna swali la kurasa zipi usome. Jinja, Uganda, inatufundisha hili kwa uchungu. Mitambo ya Owen Falls, sasa Nalubaale, ilifunguliwa 1954 pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Kati ya 1961 na 1964 mvua zikamwagika, ziwa likapanda kwa karibu mita mbili na nusu, na maji ya Nile yakaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa miongo. Wapangaji wa baadaye wakabaki na daftari lenye sura mbili: miaka ya kabla ya 1961 yenye mto mdogo, na miaka ya baada yake yenye mto mkubwa. Ipi ni Nile ya kweli? Wahandisi walibishana sana kuhusu hilo. Kituo cha pili, Kiira, kikajengwa pembeni na kuanza kazi kufikia 2000. Kati ya 2004 na 2006 ukame ukaja, vituo viwili vikavuta maji mengi kuliko mwafaka wa zamani uliopanga ni kiasi gani kitoke ziwani, na ziwa likashuka hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Kampala ikaonja mgao mkali. Halafu 2020 ziwa likapanda tena hadi kuvunja rekodi ya 1964, nyumba na mahoteli ya ufukweni yakaingia maji.

Ukichagua miaka ya neema unajenga mitambo ya kupigwa vumbi. Ukichagua miaka ya njaa unaacha maji yapite bure. Makadirio yoyote ambayo hayasemi yametumia miaka ipi, mimi nayaweka pembeni.

Kompyuta inaingia wapi?

Modeli ni hesabu inayoiga jambo halisi. Hakuna uchawi wala utabiri wa nyota. Katika kazi hii kuna modeli kadhaa zilizofungwa kama mabehewa.

Behewa la kwanza ni modeli ya tabianchi ya dunia. Inaigawa dunia katika miraba mikubwa, mingi ikiwa na upande wa kilomita mia hivi. Ndani ya mraba kama huo, Udzungwa na bonde la Kilombero vinakuwa kitu kimoja, uwanda wenye mwinuko kiasi. Kwa hiyo behewa la pili kazi yake ni kuipasua miraba hiyo iwe midogo na kurekebisha makosa yanayojulikana. Kwa mfano modeli inayoleta masika mapema kuliko ilivyo kweli. Behewa la tatu ni modeli ya bonde, inayochukua mvua na joto na kupiga ile hesabu ya mshahara: ardhi imechukua nini, mimea nini, jua nini, mto umebaki na nini. La mwisho ni modeli ya bwawa: tuzalishe leo au tusubiri, tubakishe kiasi gani kwa ajili ya mto wa chini. (Kihansi ilitufundisha hilo la mwisho. Kachura kadogo kalikoishi kwenye manyunyu ya maporomoko kalitoweka porini maji yalipoelekezwa kwenye mitambo.)

Kila behewa lina kosa lake, na makosa yanarithishana. Wataalamu wanalijua hili, ndiyo maana hawatumii modeli moja. Wanaendesha ishirini au zaidi na kuangalia zinavyotawanyika. Zote zikisema joto linapanda, na kweli zote zinasema hivyo, unaweza kuweka dau. Kuhusu mvua ya kusini mwa Tanzania, modeli hazikubaliani hata kama itaongezeka au itapungua. Kwa ukanda wa Ikweta kuna kitendawili cha zaidi: modeli nyingi zinatabiri mvua zaidi, wakati masika yenyewe tangu miaka ya 1980 yamekuwa na mwelekeo wa kupungua.

Je, tunajuaje modeli ya bonde inafaa? Inapewa mtihani. Unachukua daftari la mto, unaificha nusu yake, unaifundisha modeli kwa nusu iliyobaki, kisha unaiambia ikisie ile iliyofichwa. Ikifaulu, unaiamini kiasi. Kiasi, kwa sababu mwanafunzi aliyekariri mitihani ya nyuma hung'ara hadi siku anapokutana na swali jipya, na joto la 2050 ni swali jipya.

Kwa hiyo makadirio ya kweli hayaji kama namba moja. Yanakuja kama duka linavyopaswa kueleza mauzo yake: katika miaka kumi, mitano tutapata kiasi hiki au zaidi, katika miaka tisa kati ya kumi hatutashuka chini ya kile. Hiki cha pili ndicho umeme wa uhakika, na ndicho cha kupangia hospitali na viwanda. Wastani unapendeza kwenye hotuba, lakini huwezi kuwasha taa ya mwaka huu kwa mvua ya mwaka juzi. Labda kama bwawa ni kubwa sana. La Nyerere, lenye ujazo wa mita za ujazo bilioni 33 hivi, linaweza kubeba maji ya mwaka wa neema kuvuka mwaka wa shida. Mtera haiwezi kufanya hivyo kwa kiwango hicho.

Yanayosemwa barabarani

"Mtera ikikauka na Nyerere imekwisha." Hapana. Ruaha Mkuu, unaoijaza Mtera kisha Kidatu, unaishia Rufiji, kwa hiyo ni kweli tone moja linaweza kufanya kazi mara tatu. Lakini zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka Kilombero, kwenye mvua tofauti kabisa na za Usangu, bonde la juu linaloulisha Ruaha.

"Yote ni mabadiliko ya tabianchi." Nalo si kweli, na hapa nina ukali kidogo. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ukiuliza wanaoujua mto huo watakuonyesha mifereji ya umwagiliaji na mifugo ya juu, bonde la Usangu. Tabianchi ni kisingizio kizuri kwa sababu haina ofisi ya kwenda kuilalamikia. Modeli inayohesabu mvua bila kuhesabu mashamba ya mpunga inakadiria mto usiokuwepo.

"Tabianchi maana yake ukame." Waulize watu wa Rufiji na Kibiti, ambao Aprili 2024 mashamba yao yalikuwa chini ya maji. El Niño hiyohiyo ya 2023 na 2024, yaani joto la Bahari ya Pasifiki linalovuruga mvua, ilikausha kusini mwa Afrika. Zambia, inayopata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutoka kwenye maji, ilitangaza janga la kitaifa, bwawa la Kariba kwenye Mto Zambezi likashuka karibu na sakafu ya matumizi, watu wakakaa bila umeme sehemu kubwa ya siku. Kariba yenyewe ilishadanganywa na daftari fupi zamani: mafuriko ya 1957 na yale makubwa zaidi ya 1958 yaliwakuta wajenzi kazini, na milango ya kumwaga maji ikaongezwa kutoka minne hadi sita.

Ukiiangalia ramani hiyo ya 2024, maji kupita kiasi Rufiji na kiu Kariba, unaona kwa nini nyaya za kuunganisha nchi na nchi zina thamani kuliko kuongeza bwawa jingine chini ya wingu lilelile. Na nyaya, safari hii za gridi yetu ya ndani, ndizo jibu la swali la Aprili mosi pia: gridi ikianguka, bwawa lililojaa halina njia ya kukufikia.

Rufiji sasa ina kipimo kipya. Tangu lango lifungwe tarehe 22 Desemba 2022 na bwawa kuanza kujazwa, kila siku mtu anaweza kuchukua kupanda au kushuka kwa maji, akajumlisha yaliyopita kwenye mitambo, yaliyomwagwa na yaliyovukizwa, akapata mto umeleta kiasi gani. Hakuna ubao wa kusombwa. Daftari hilo lina kurasa chache tu bado, na moja kati ya hizo ni 2024.